Kaunta ya Bi. Ugavi: Mita iko wapi, na mlango wa kutokea uko wapi?

Mwezi huu mkoba wa barua umejaa mawingu. Nadhani ni kalenda: bajeti zinaandaliwa, na kila mkurugenzi aliyehudhuria semina amerudi na neno "wingu" mdomoni, yaani kukodi kompyuta na hifadhi ya mtu mwingine kupitia mtandao. Kwa mgeni wa kaunta hii, nilikaa kwenye ugavi wa umma miaka 27. Nilianza na karatasi za kaboni na vitabu vya LPO (hati za kuagizia bidhaa), nikamalizia na NeST, mfumo wa ununuzi wa umma mtandaoni. Mimi si mtaalamu wa kompyuta. Nimenunua kompyuta nyingi, jambo ambalo ni tofauti kabisa, na nimepitisha ankara za wingu kwa miaka saba, nyingine kwa machozi.

Bi. Ugavi, shikamoo. Mimi ni Afisa Ugavi katika halmashauri moja mkoani Njombe. Mkurugenzi ameagiza tuhamie kwenye wingu kabla ya Juni. Idara ya TEHAMA imenipa vipimo: seva yenye kore 32 (viini vya kuchakatia), kumbukumbu ya GB 128, diski ya TB 10, waranti ya miaka mitatu. Nimeviweka kwenye rasimu ya zabuni. Mkuu wa kitengo anasema kuna kitu hakijakaa sawa ila hawezi kukitaja. Wewe unakiona?

Marahaba, mwanangu. Nakiona, kipo mwishoni mwa orodha yako: waranti. Waranti hupewa mtu aliyenunua kitu, na nyinyi hamnunui kitu. Rasimu yako ni ya kununua sanduku la chuma, liletwe na gari, likaguliwe na kamati ya mapokezi, lipigwe namba ya mali ya serikali. Ukiitangaza hivyo ilivyo, wazabuni watakuletea kile kinachofanana zaidi na sanduku: seva moja kubwa ya kukodi, inayowaka usiku na mchana, mkiitumia msiitumie, kwa miaka mitatu. Mtakuwa mmelipa bei ya wingu kwa raha za sanduku.

Wingu ni mita. Watu hupenda kulifananisha na Luku, nami naomba tusifanye hivyo, maana Luku ina huruma yake: uniti zikiisha taa zinazimika, unajua. Wingu ni ile mita ya zamani ya TANESCO, ya kabla ya Luku. Haizimi. Inahesabu tu, na mwisho wa mwezi inakuletea karatasi.

Kwa hiyo anza upya, na usianze na kore. Rudi kwa Afisa TEHAMA, mwagizie chai, umuulize: tunahamisha nini hasa? Usicheke. Mapato yenu yako kwenye TAUSI ya TAMISEMI. Malipo yako kwenye MUSE. Ununuzi uko NeST. Barua pepe ya serikali na ofisi mtandao vinatoka kwa Mamlaka ya Serikali Mtandao, eGA. Katika hivyo vyote hakuna kilicho chenu kuhamisha. Nilikaa siku mbili na halmashauri moja iliyokuwa imetenga fedha nono za "kuhamia wingu". Tulipofungua seva yao tukakuta ramani za viwanja, nyaraka za zamani zilizoskaniwa, na picha za mbio za Mwenge za miaka tisa. Walichohitaji ni mahali salama pa kuweka nakala rudufu, basi. Makadirio yakashuka hadi sehemu ndogo ya yale ya kwanza, na mkurugenzi akaninunia wiki nzima.

Kikibaki kitu cha kweli cha kuhamisha, ndipo uulize: kina watumiaji wangapi, na wanabanana saa ngapi? Data ni kiasi gani leo, na inaongezeka kiasi gani kwa mwaka? Mfumo ukilala, mnaweza kuvumilia saa ngapi kabla wananchi hawajajaa kwa Mkuu wa Wilaya? Na ikitokea ajali, mko tayari kupoteza kazi ya muda gani: ya dakika tano, ya asubuhi moja, au ya jana yote? Hivyo ndivyo vipimo vyako. Swali la mwisho hugusa bei pengine kuliko kore zote 32, na sijawahi kuliona kwenye rasimu ya kwanza ya mtu yeyote, zangu zikiwemo.

Halafu tengeneza kapu. Watoa huduma wa wingu kila mmoja anapanga bei kivyake. Huyu anahesabu kwa saa, yule kwa mwezi, mwingine anakupa hifadhi kwa bei ya kutupa kisha anakutoza kila data inapotoka. Ukiwaambia tu "leteni bei", utabaki unalinganisha fungu la nyanya na debe la mahindi. Wape wote kapu moja. Tuseme mashine nne ndogo (seva za kukodi) zinazowaka muda wote, mbili za majaribio zinazowaka saa za kazi tu, TB 3 za hifadhi, GB 200 zinazotoka kwenda intaneti kila mwezi, nakala rudufu kila usiku zinazokaa siku 30, na mtu wa kumpigia simu anayepokea kwa Kiswahili. Kila mzabuni ajaze bei ya kila kipengele kwa mwezi, na jumla ya miaka mitatu.

Ila kapu ni la kulinganishia. Usiahidi kulinunua lote! Mkataba wenyewe uwe wa bei kwa kila kipimo, na juu yake uweke ukomo ambao hauvukwi bila maandishi ya Afisa Masuuli. Hapa ndipo vijana wengi wa ugavi wanapopata homa, kwa sababu wamezoea mkataba wenye namba moja kubwa chini. Anayeifurahia namba moja kubwa chini ni mzabuni anayejua hamtaitumia yote.

Mawili ya haraka. Sheria ya Serikali Mtandao ni ya 2019, si mpya tena, kwa hiyo mradi wako upite eGA mapema. Nimeona zabuni imefika hatua ya kutia saini ndipo mtu anauliza, "Hivi eGA wanajua?" Pili, kabla ya kutangaza zabuni ya peke yenu, waulize GPSA, wakala wa ununuzi serikalini, kama kuna mkataba maalumu mnaoweza kuuegemea. Waingereza walianza mwaka 2012 na utaratibu wanaouita G-Cloud: watoa huduma wanaorodheshwa pamoja na bei zao, na taasisi inachagua kutoka kwenye orodha badala ya kila moja kuandika zabuni yake kuanzia sifuri. Kampuni ndogo nyingi ziliingia humo. Una zabuni za barabara na madawati zinakusubiri. Mahali ambapo kazi imeshafanywa na mwingine, pokea.

Bi. Ugavi, habari za kazi. Mimi ni mhasibu kwenye taasisi ya elimu, Morogoro. Ankara yetu ya wingu ya mwezi uliopita imekuja mara mbili ya ile ya kabla yake. Hakuna aliyenunua kitu kipya. TEHAMA wananijibu "matumizi yamepanda" kana kwamba ni hali ya hewa. Ankara yenyewe ni ya dola. Wakaguzi wanakuja. Niwaambie nini?

Salama, mwenzangu. Wakaguzi tutawafikia. Kwanza tumtafute mwizi, na kwa uzoefu wangu huwa ni mmoja kati ya watatu.

Wa kwanza ni mashine ya majaribio iliyosahaulika. Ofisini kwetu kijana mmoja, mchapakazi kweli, aliwasha mashine kubwa siku ya Ijumaa kabla ya Idi ili achambue data fulani, akamaliza, akapanda basi kwenda Tanga. Mashine haikupanda basi. Iliendelea kuwaka mpaka mwezi ukaisha, na ankara ikaja na mstari mmoja unaotoshana na mishahara ya vibarua wetu watatu. Wiki ina saa 168. Mashine ya majaribio inahitajika saa kumi kwa siku, siku tano, yaani saa 50. Ukiizima muda uliobaki, unalipia kama asilimia 30 tu ya saa ulizokuwa unalipia. Ni kazi ya kupanga ratiba mara moja, na katika mambo yote ya wingu sijui jingine linalookoa fedha nyingi kwa jasho dogo hivyo.

Wa pili ni nakala rudufu ambazo hakuna aliyeagiza zifutwe. Kila usiku inatengenezwa mpya, ya zamani inabaki, na mita inazihesabu zote. Wa tatu ni data inayotoka. Kuingiza data kwenye wingu kwa kawaida ni bure au karibu na bure. Kuitoa ndiko kunakotozwa. Kama chuo kimeweka video za mihadhara na wanafunzi elfu kadhaa wanazitazama wiki ya mitihani, umeshampata.

Utajuaje ni yupi? Kwa lebo. Kila mashine na kila hifadhi iwekewe lebo ya idara, mradi na kifungu cha bajeti, kama tunavyopiga namba kwenye viti. Bila lebo ankara ni mbuzi kwenye gunia. Iandikeni hata kwenye mkataba: ankara ije imechambuliwa kwa lebo, na kisicho na lebo hakilipwi mpaka kielezwe. Weka pia tahadhari za matumizi, kwa mfano kwenye asilimia 50, 80 na 100 ya bajeti ya mwezi, na ujumbe ufike kwenye simu yako wewe mhasibu. Usiwaachie TEHAMA peke yao. Ila uelewe kwamba tahadhari ni kengele tu. Inalia, mita inaendelea.

Sasa dola. Mwaka 2024 tulikuwa na miezi ambayo dola ilipita shilingi 2,600, na taasisi zilizopanga bajeti kwa kiwango cha chini zilijikuta zinadaiwa bila kuongeza hata faili moja. Kama mnanunua kupitia wakala aliyepo nchini, Kanuni za Matumizi ya Fedha za Kigeni za 2025 zinakataza kutaja bei na kudai malipo kwa fedha za kigeni hapa ndani, kwa hiyo ankara yake ije kwa shilingi. Usishangilie mapema. Wakala naye analipa dola huko nje, na hofu yake ameshaiingiza kwenye bei yako. Mwambie aitenganishe: bei ya mtoa huduma ni hii, faida yangu ni hii, kiwango cha kubadilishia fedha kinachukuliwa tarehe fulani kutoka Benki Kuu. Mkishaiona hofu yake kwa namba, mnaweza kuibishia.

Lipo jingine hukuliuliza, nalo limeniumiza kuliko dola. Mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni. Wewe unajua Julai inavyokuwa: vifungu havijafunguka, fedha hazijashuka, kila mtu anasubiri. Mita haijui kwamba ni Julai. Taasisi moja ninayoifahamu ilipata barua ya kusitishiwa huduma wiki ya pili ya Agosti, na barua ya pili inayosema data itafutwa. Mkurugenzi alishika simu mwenyewe kuomba. Tangu siku hiyo kila mkataba wa wingu niliopitia nilihakikisha mambo mawili: hauishi Juni wala hauanzi Julai, na una siku zisizopungua 60 za ucheleweshaji wa malipo ambazo ndani yake hakuna kitu kinachozimwa wala kufutwa. Mzabuni atalalamika. Akikataa kabisa, umejifunza kitu kumhusu kabla hujatia saini.

Na wakaguzi? Waonyeshe lebo, tahadhari, na muhtasari wa kikao cha kila mwezi ambacho mtu wa fedha na mtu wa TEHAMA wanaisoma ankara pamoja. Kama kikao hicho hakipo, kiitishe wiki hii.

Shikamoo Bi. Ugavi. Hospitali yetu ya mkoa inataka kuhamisha mfumo wa wagonjwa. Mzabuni mmoja anataka kuuweka Afrika Kusini, mwingine hapa Dar es Salaam kwa bei ya juu kidogo. Sheria inaruhusu data za wagonjwa kutoka nje? (Afisa TEHAMA, Kanda ya Ziwa)

Marahaba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti, na usafirishaji wa taarifa binafsi kwenda nje una masharti yake. Haijapiga marufuku moja kwa moja, lakini usisikilize mzabuni anayekuambia "hiyo haina shida, tumeshafanya kwingine". Andika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, eleza ni taarifa gani, zinaenda wapi, nani atazishika, na ufunguo wa usimbaji, ule wa kufungulia data iliyofichwa kwa msimbo, unabaki kwa nani. Jibu lao liambatane na nyaraka za zabuni. Mimi ningetaka ufunguo ubaki hospitali hata kama data iko Kijitonyama, hapa hapa Dar es Salaam.

Ila kwa hospitali, swali la sheria halinikoseshi usingizi kama swali la waya. Vituo vikubwa vya wingu vilivyo karibu nasi viko Afrika Kusini: Microsoft walifungua Johannesburg mwaka 2019, Amazon Cape Town mwaka 2020, Google Johannesburg mwaka 2024. Unakumbuka Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024? Mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika, na nchi nzima intaneti ikawa ya kubahatisha. Jumatatu yake nilikuwa na mama yangu hospitalini kwa kliniki ya sukari. Mapokezi walikuwa wanaandika majina kwa mkono kwenye daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Sijui mfumo wao ulikuwa umekaa wapi, na yule dada wa mapokezi naye hakujua, ndiyo maana sikumgombeza.

Mfumo uliokaa ndani ya nchi una njia ya kufikika kupitia Mkongo wa Taifa hata baharini kukikatika. Hiyo "bei ya juu kidogo" ya Dar es Salaam ndiyo inanunua kitu hicho. Iweke kwenye vigezo vya tathmini waziwazi, kabla ya kufungua zabuni. Ukiisubirisha, kamati itaangalia bei tu na itakuwa haijakosea. Njia ya kati pia ipo: mfumo unaotumika kila siku ukae nchini, na nakala rudufu iliyosimbwa ikae mbali, Tume ikiridhia.

Angalia na asilimia za upatikanaji, yaani muda ambao mzabuni anaahidi mfumo utakuwa hewani, maana huwa zinadanganya macho. Asilimia 99.5 inaonekana kama alama ya mwanafunzi bora. Kwa mwezi wa siku 30 ni saa 3 na dakika 36 za kulala. Asilimia 99.9 ni dakika 43. Asilimia 99.99 ni dakika 4 na ushei. Sasa muulize daktari wa zamu ya usiku anataka ipi, kisha muulize mhasibu. Na usome fidia: mara nyingi wakishindwa wanakupunguzia sehemu ya ankara ya mwezi ujao, hawakulipi hasara. Kwa hospitali, punguzo la ankara ni faraja ndogo sana, kwa hiyo zabuni idai pia kwamba usajili wa mgonjwa uweze kuendelea kwenye kompyuta za pale pale hospitalini mtandao unapokatika, kisha taarifa zipande ukirudi. Mwambie mzabuni alionyeshe hilo kwa vitendo, waya umechomolewa, kamati ikiwa imesimama hapo.

Binti yangu, mimi ni mjumbe wa bodi ya mamlaka moja ya maji, mstaafu kama wewe. Vijana wanataka tulipe kodi ya wingu milele. Kwa nini tusijenge chumba chetu cha seva? Chetu ni chetu. Tukishaingia kwa hao wakubwa, siku wakipandisha bei tutakimbilia wapi?

Shikamoo, mzee wangu. Una barua mbili katika moja, niruhusu nizitenganishe.

Kuhusu chumba chenu: "chetu ni chetu" hakizimi moto. Tarehe 26 Septemba 2025 kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini, pale Daejeon, kilishika moto ulioanzia kwenye betri. Mifumo 647 ya serikali ilizimwa. Hifadhi moja iliyokuwa ikitumiwa na watumishi wa umma, yenye TB 858, iliteketea, na haikuwa na nakala mahali pengine. Ile ni nchi inayotengeneza hizo kompyuta, na kilikuwa chao. Chumba chenu kitahitaji umeme wa njia mbili, jenereta na dizeli yake, viyoyozi, betri, mlinzi, mtu wa zamu Jumapili, na chumba cha pili mji mwingine. Waambie vijana waviandike vyote hivyo kando ya bei ya wingu, kwa miaka mitano, pamoja na mishahara. Inawezekana chumba chenu kikashinda. Kama matumizi yenu hayapandi wala kushuka mwaka mzima, mita haina faida kubwa kwenu, na sitawaficha hilo.

Barua yako ya pili ndiyo ninayoipenda, na laiti wajumbe wote wa bodi wangeiandika. Hofu yako si ushamba. Julai 2025 mamlaka ya ushindani ya Uingereza ilimaliza uchunguzi wake wa soko la wingu na kusema Amazon na Microsoft kila mmoja ameshika kati ya asilimia 30 na 40 ya matumizi ya wateja kule, na kwamba kuhama ni kugumu mno. Kama Mwingereza analalamika, mamlaka ya maji ya mkoa itasemaje? Ni kweli mwaka 2024 Google, kisha Amazon na Microsoft, walitangaza kuondoa ada ya kutoa data kwa mteja anayehama moja kwa moja. Ni hatua nzuri. Lakini ada haikuwa pingu kubwa. Pingu kubwa ni mfumo uliojengwa kwa vifaa vya mtoa huduma mmoja kiasi kwamba ukiutoa pale hauwaki kwingine.

Kwa hiyo vijana wakileta mkataba mezani, mzee wangu, usiulize bei kwanza. Waulize mlango wa kutokea uko ukurasa wa ngapi. Hapo pawe pameandikwa: data ni mali ya mamlaka, itarudishwa katika muundo unaosomeka na programu nyingine, na muundo utajwe kwa jina, baada ya mkataba kuisha tutakuwa na siku 90 za kuhamisha kwa bei zilezile, baada ya hapo watafuta nakala zao na kuleta uthibitisho wa maandishi. Na jambo ambalo hakuna anayelifanya: mara moja kwa mwaka chukueni nakala rudufu, muiwashe mahali pengine, mwone kama ankara za maji zinatoka. Mara ya kwanza tulipojaribu sisi, nakala zilikuwepo zote, safi kabisa, na neno la siri la kuzifungulia lilikuwa kwenye seva ileile tuliyokuwa tunajifanya imeungua.

Bi. Ugavi shikamoo, mimi na wenzangu wawili tuna kakampuni Mwanza, tunajua wingu vizuri. Zabuni zote zinataka "uzoefu wa miaka kumi". Tutaingilia wapi?

Marahaba, mwanangu. Kwanza, wazabuni wanaodai miaka kumi ya uzoefu kwenye kitu ambacho taasisi nyingi hapa hazijakitumia kwa miaka mitano, acha wajidai. Mwambie Afisa Ugavi kwa heshima kwamba sharti hilo halina mantiki, kwa kutumia sehemu ya maswali ya ufafanuzi kwenye NeST, kabla muda haujafungwa. Baada ya tuzo ni majungu.

Pili, jisajilini NeST, na kama mnatimiza masharti ya kikundi cha vijana, ulizeni kuhusu ile asilimia 30 ya ununuzi inayotengwa kwa makundi maalumu. Msitafute kuhamisha wizara nzima. Tafuteni kazi ndogo zinazoumiza: kuweka lebo, kupanga ratiba za kuzima mashine, kujaribu nakala rudufu.

Tatu, ufunguo. Kuna wakala aliyetuhudumia miaka miwili vizuri tu, mpaka mkataba ulipoisha. Ndipo tulipogundua akaunti kuu imesajiliwa kwa jina la kampuni yake, na sisi tulikuwa wapangaji ndani ya nyumba tuliyodhani tumeijenga. Alitupa masharti yake kwa upole mkubwa. Tulilipa miezi minne ya ziada kwa sababu hatukuwa na la kufanya. Nyinyi andikeni kwenye ukurasa wa kwanza wa zabuni yenu kwamba akaunti kuu itakuwa kwa jina la taasisi, kwa barua pepe ya cheo si ya mtu, na kwamba nyinyi mtapewa ruhusa ya kufanya kazi tu, inayoondolewa siku mkataba unapoisha. Ningekuwa bado mezani, ningeusoma ukurasa huo mara mbili.

Kwa ujumbe mfupi: Bi. Ugavi, akaunti yetu kuu imesajiliwa kwa barua pepe binafsi ya bosi aliyehamishiwa Mtwara. Tufanyeje?

Mpigie leo, kabla hajabadilisha laini.